Mgeni Hapewi Kiporo: Kuhusu Masalia Kwenye Folda za Ujenzi

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya waandishi wa programu wenzangu. Wako waliokosa kufika wakaomba niyaweke hapa yote, kwa hiyo nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziondoa.

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Nianze na swali. Nani kati yenu hajawahi kurekebisha kosa, akaendesha programu, na kosa likabaki palepale? Umefuta mstari wenye tatizo. Umehifadhi. Umeendesha tena, kosa ni lilelile. Unaongeza mstari wa kuchapisha neno moja tu, neno halionekani. Mwishowe unaandika upuuzi katikati ya faili makusudi, ili programu ife, na programu haifi. Hapo mkono unakwenda wenyewe kwenye folda ya build, ile ambamo zana huweka vipande ilivyokwisha kuvijenga. Unaifuta yote, unajenga upya, na mambo yanakaa sawa. Unashusha pumzi, unaendelea na kazi. Humwambii mtu.

Leo nataka tuambiane.

Ukiwa peke yako na mashine yako, masalia ya ujenzi wa jana yanakupotezea asubuhi moja, basi. Lakini siku unayofunga kifurushi na kumpa mtu mwingine, masalia yale yanakwenda naye. Yeye atafuta nini? Hana msimbo wako, yale maandishi uliyoyaandika mwenyewe. Hana folda yako ya build. Hajui hata kwamba kulikuwa na jana. Amepokea sahani iliyofunikwa, anaamini ulichomwambia kwamba kimo ndani.

Nyumbani kwetu kiporo kinaliwa, na ni kitamu, wali wa jana na chai ya asubuhi. Sisi wenyewe tunakijua: tumekiona kikipikwa, tunajua kimelala wapi. Lakini mgeni akibisha hodi, mama anaosha sufuria na kubandika upya. Nalisema hili kuhusu programu na nalimaanisha: kifurushi unachompa mtu kipikwe kwenye sufuria iliyooshwa.

Niwape kisa changu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natunza maktaba ndogo ya Python iliyokokotoa mishahara ya kampuni moja. Ndani yake kulikuwa na folda iitwayo makato, na kila aina ya makato ilikuwa na faili lake: kodi, mfuko wa pensheni, bima, na mkopo wa wafanyakazi. Programu yenyewe ilikuwa inapita kwenye folda hiyo na kupakia kila moduli inayoikuta. Nilijivunia sana muundo huo. Ukitaka kuongeza kato jipya, unaweka faili, kazi imekwisha.

Mwezi wa sita nikaandika upya hesabu ya mikopo. Faili la zamani lilikuwa mkopo.py. Jipya nikaliita mikopo.py, kwa sababu sasa mtu aliweza kuwa na zaidi ya mkopo mmoja. La zamani nikalifuta. Majaribio yote yakapita. Nikaendesha setup.py bdist_wheel kama nilivyozoea, nikatuma kifurushi, nikaenda zangu.

Mwisho wa mwezi simu ikaita. Alikuwa mama mmoja mhasibu, mtu mzima, mtaratibu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, watu wamekatwa mkopo mara mbili."

Nikamwambia haiwezekani. Nikafungua msimbo, mkopo.py haipo. Nikatafuta kwenye git, inayotunza historia ya msimbo, imefutwa tangu mwezi wa sita. Nikaendesha hesabu ya mfanyakazi mmoja kwenye mashine yangu, ikatoka sahihi. Nikampigia kumwambia huku kwangu ni sawa. Mnajua maneno hayo yanavyomwingia mtu aliyezungukwa na wafanyakazi waliokatwa mara mbili? Miongoni mwao alikuwepo mlinzi aliyekwenda benki akitegemea kulipa kodi ya chumba, na pesa haikutosha.

Siku ya tatu ndipo nilipofanya kitu nilichopaswa kukifanya dakika ya kwanza. Nilichukua kifurushi kilekile nilichowatumia. Kifurushi cha Python cha aina ya wheel ni faili la zip tu. Nikaandika unzip -l, orodha ikateremka, na pale katikati nikaiona mistari miwili imekaa pamoja: makato/mikopo.py, na chini yake, makato/mkopo.py. Faili nililolifuta. Tarehe yake ilikuwa ya mwezi wa tatu.

Lilitoka wapi? Zana ya setuptools, inayofunga vifurushi vya Python, ikijenga kwa njia ile, kwanza inanakili moduli zako kwenye folda build/lib. Kisha inafunga kila kilichomo kwenye build/lib. Ukiongeza faili, inaliongeza. Ukibadilisha faili, inalibadilisha. Ukifuta faili kwenye msimbo, haiendi build/lib kutazama nani amebaki bila mzazi. Nakala ya mwezi wa tatu ilikuwa imelala pale miezi yote hiyo, ikisubiri kufungwa tena. Na majaribio yangu yalipita kwa sababu yalikuwa yanapima folda ya msimbo. Kifurushi chenyewe hayakukigusa.

Nimewaeleza kwa urefu kwa sababu nataka mwone jinsi kila hatua ilivyokuwa ya kawaida. Hakuna aliyefanya uzembe mkubwa. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea popote, kuanzia kwangu mpaka benki.

Sasa, je, hili ni jambo jipya? Ni la Python peke yake?

Turudi mwaka 1976, Marekani, kwenye maabara za Bell Labs. Steve Johnson, yule aliyeandika zana maarufu iitwayo yacc, alipoteza asubuhi nzima akisaka kosa kwenye programu iliyokuwa tayari ni sahihi. Kosa alishalirekebisha. Faili ndilo halikukompailiwa upya, yaani halikugeuzwa tena kuwa programu ya mashine, kwa hiyo programu aliyokuwa anaiendesha ilikuwa imeunganishwa na kipande cha zamani. Akaingia ofisini kwa mwenzake, Stuart Feldman, akilaani bahati yake. Kutokana na malalamiko hayo Feldman akaandika make. Mwaka 2003 zana hiyo ilimpatia tuzo ya mifumo ya programu ya ACM, chama cha wanataaluma wa kompyuta, na mpaka leo wengi wetu tunaitumia kila siku.

Jamani, lisikieni hilo vizuri. Zana mama ya ujenzi, ambayo nyingine nyingi zimetoka kwake au zimebishana naye, ilizaliwa kwa sababu ya masalia. Tangu siku ya kwanza adui alikuwa huyuhuyu.

Na make iliamua kupambana naye vipi? Kwa kutazama saa. Kama faili la msimbo ni la baadaye kuliko faili lililojengwa, jenga upya. Kama ni la zamani zaidi, acha. Ni wazo zuri, jepesi, la haraka. Lakini linategemea saa iseme kweli, na linategemea kwamba faili lililopo limekamilika.

Hapa kwetu mambo hayo mawili tunayajua tabia zake.

Umeme umekatika katikati ya ujenzi. Skripti ilikuwa inazalisha jedwali la mistari elfu kumi, imefika elfu nne, giza. Umeme unarudi, unawasha mashine, unaendesha make. Make inalitazama lile jedwali: lipo, na saa yake ni ya baadaye kuliko skripti. Inasema hakuna cha kufanya. Ungekuwa umesimamisha ujenzi mwenyewe kwa Ctrl-C, make ingelifuta faili lililoishia njiani. Ungekuwa umeweka .DELETE_ON_ERROR kwenye Makefile, faili la maelekezo ya make, ingelifuta pia skripti inaposhindwa. Lakini umeme hauagi. Ukiwa na bahati, faili lililokatika ni la kompaila, na hatua ya kuunganisha italalamika. Ukikosa bahati, ni jedwali, na programu yako itafanya kazi vizuri kabisa kwa wateja elfu nne wa kwanza.

Au ile kompyuta ya mezani ya zamani, betri ya saa imekufa. Kila ikizimwa kabisa inaamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Unahariri faili, faili linapigwa muhuri wa mwaka uliokwisha pita, make inaona la msimbo ni la zamani, inaliruka. GNU make ikikuta faili lenye tarehe ya kesho hutoa onyo kwamba saa zimepishana na ujenzi huenda haujakamilika. Niambieni ukweli: ni wangapi mmewahi kuliona onyo hilo mkalipita?

Zipo zana zilizokuja baadaye zikaiacha saa na kutazama yaliyomo ndani ya faili. Bazel, ambayo Google waliitoa kwa umma mwaka 2015, ni mojawapo. Zimeziba matundu mengi. Lakini nitawaonyesha sasa hivi kwamba hata kutazama yaliyomo hakukupi ruhusa ya kulala.

Tuitazame kompaila ya lugha ya Rust. Inajenga kwa nyongeza: inakumbuka kazi ya jana, inailinganisha na msimbo wa leo kwa alama za vidole za kila kipande, yaani namba fupi zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo, inafanya upya kilichobadilika tu. Watu makini waliiandika. Tarehe 6 Mei 2021 wakatoa toleo 1.52.0, na ndani yake wakaongeza ukaguzi mmoja: hakikisha alama za vidole tulizozihifadhi zinakubaliana na tunachokokotoa sasa. Watu wakapakua, na kompaila zikaanza kusimama na kukataa kuendelea. Ukaguzi ule haukuleta ugonjwa. Ugonjwa ulikuwepo kabla, kimya, na kwa baadhi ya watu ungeweza kuzalisha programu yenye makosa bila neno lolote. Siku nne baadaye, tarehe 10 Mei, likatoka toleo 1.52.1 lililozima ujenzi wa nyongeza kwa kila mtu ambaye hakuuomba mwenyewe. Ukarudishwa kwenye toleo 1.54, mwezi wa saba, baada ya kazi ya kusafisha.

Mimi nawaheshimu sana kwa uamuzi ule. Walikuwa wanajua kila mtumiaji atalalamika kwamba kompaila imekuwa nzito. Wakachagua uzito.

Na hapa nataka kusema neno kuhusu zana zinazolalamika, maana tunazionea. Wale mliotumia zamani pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, mnakumbuka ujumbe wake mmoja maarufu wa kosa. Usakinishaji umekatika njiani, unaurudia, pip inagoma: inakwambia imekuta folda ya ujenzi ya awali, pengine ni ya usakinishaji ulioshindikana, na haitajichukulia kwamba inaruhusiwa kuifuta. Watu waliikasirikia pip kwa hilo, mimi nikiwemo. Leo naona ilikuwa inasema jambo la haki. Ilikuta sufuria chafu ikakataa kupikia.

Kosa lilikuwa mahali sufuria ilipowekwa. Folda ile ilikaa /tmp, mahali pa muda panapotumiwa na watu wote wa mashine, kwa jina linalotabirika. Kwenye seva ya watu wengi, mtu mwingine aliweza kukutangulia akaweka kiungo chenye jina hilo kinachoelekeza kwingine, na pip ikaandika mahali alipotaka yeye. Hilo lilisajiliwa kwenye orodha ya udhaifu wa usalama kama CVE-2013-1888 na kurekebishwa kwenye toleo 1.3. Baadaye ikaonekana kwamba mtu aliweza kuunda tu kitu chenye jina la folda yako na pip yako isingesakinisha chochote. Hiyo ni CVE-2014-8991. Mnaona? Folda ya build iliyosahaulika si uchafu tu. Ni mlango, na kila anayejua jina lake anaweza kuupitia.

Kisha pip ikahangaika na swali jingine: ukiisakinisha folda yako mwenyewe, ijengee wapi? Kwa muda mrefu ilinakili folda nzima kwenda mahali pa muda na kujengea huko. Polepole, hasa kama folda yako imebeba mazingira mazima ya Python ndani, lakini haikuacha kitu kwako. Mwezi wa nne 2020, toleo 20.1 likaanza kujengea palepale kwenye folda yako. Malalamiko yakaja, mwezi uliofuata wakarudi nyuma. Mwezi wa kumi 2021, toleo 21.3, wakaamua moja kwa moja: ujenzi ni palepale. Sababu zao zilikuwa nzuri. Ila matokeo kwako ni kwamba pip install ya leo inaweza kukuachia build/ ndani ya mradi wako, na ukija kufunga kifurushi wiki ijayo kwa njia ya zamani, mkopo.py wako anakusubiri.

Sasa nasikia mtu pale nyuma ananong'ona. Najua anasema nini, kwa sababu nimeulizwa hili kila mahali: "Kaka, kusafisha ni kwa wenye intaneti ya bure. Mimi bando yangu inaisha."

Hoja hiyo naichukua kwa uzito wote. Asiichekelee mtu. Lakini tutenganishe vitu viwili ambavyo tumezoea kuvifuta pamoja na kuvitunza pamoja: vitu ulivyopakua, na vitu ulivyojenga.

Ulichopakua kina alama yake ya uthibitisho. Zana inaweza kukipima na kusema ndicho au sicho. Kitunze! Ukiendesha cargo clean kwenye Rust, folda ya target, yenye vilivyojengwa, inakwenda, lakini maktaba ulizopakua zimekaa ~/.cargo, haziguswi. Ukiendesha npm ci kwenye JavaScript, folda ya node_modules inafutwa na kuundwa upya, lakini kache ya npm, yaani akiba ya ulivyopakua, iko pembeni, na ukiongeza --prefer-offline inachota huko kwanza. Pip ina kache yake. Kwa vifurushi vya Debian na Ubuntu, mifumo ya Linux, ofisi nzima inaweza kuwa na mashine moja yenye apt-cacher-ng, kifurushi kikapakuliwa mara moja kwa wote. Bando haiguswi.

Ulichojenga ndicho kisicho na shahidi. Hicho ndicho cha kufuta kabla ya kumfungia mtu. Gharama yake ni muda wa kompaila na umeme, na hiyo ninakubali ni gharama. Siwaambii mfute kila mkibadilisha mstari, mtaichukia kazi. Katikati ya kazi yako mwenyewe, kula kiporo. Nazungumzia saa ile ya kumtumia mtu.

Na kwa saa ile njia zipo, tena nyepesi. Kwenye Python achaneni na setup.py bdist_wheel, tumieni python -m build. Hiyo inafunga kwanza msimbo peke yake, inaufungulia mahali pa muda, na kujenga wheel kutoka huko, kwa hiyo build/lib yako ya zamani haina njia ya kuingia. Hata hapo futeni kwanza folda ya egg-info, ambamo setuptools huweka taarifa za kifurushi, maana orodha ya SOURCES.txt iliyomo ndani husomwa tena, na inaweza kuendelea kuingiza faili ambalo ulishasema lisiingie. Mtu wa Arch Linux ana makepkg -C. Mtu wa CMake, zana ya kuandaa ujenzi, tangu toleo 3.24, ana cmake --fresh, na kama hana basi afute CMakeCache.txt bila huruma. Na git clean -xdf inawafaa wote, ila itangulizeni na git clean -xdn muone itakachofuta. Mafaili yenu ya siri yasiyo kwenye git yatakwenda pia, na hayarudi.

Wenye uzoefu mkubwa wa vifurushi hawakuishia kwenye kufuta. Watu wa Debian wana sbuild na pbuilder: kila ujenzi unaanzia kwenye mfumo mtupu, wenye vile tu ulivyotaja kwamba unavihitaji. Na mwezi wa saba 2019, walipotoa toleo la 10, Buster, timu ya matoleo ikatangaza kwamba kwa toleo linalofuata, kifurushi kilichojengwa kwenye mashine ya mtunzaji hakitaingia. Mtunzaji alete msimbo. Seva za Debian zitajenga. Fikirini hao ni watu wa namna gani: wajitolea wenye miaka mingi kwenye kazi, wanaoaminiana kwa saini. Wakasema hatuziamini kompyuta zetu wenyewe za mezani. Hawakuona aibu.

Yule mama mhasibu nilimpelekea kifurushi kipya jioni ileile, pamoja na orodha ya mafaili yote yaliyomo, moja baada ya jingine. Hakuwa mtu wa programu. Aliisoma orodha nzima, kisha akaniuliza hili la bima ni lipi na hili la kodi ni lipi, mpaka akamaliza. Tangu siku hiyo kila toleo nililompelekea aliomba orodha, na mimi nikaweka hatua kwenye mfumo wetu wa ujenzi: fungua wheel, linganisha majina na yaliyomo kwenye git, likizidi jina moja, simamisha.

Ndugu zangu, mmenisikiliza vya kutosha. Wengi wenu mmekuja na kompyuta. Naomba kila mmoja atafute kifurushi cha mwisho alichomtumia mtu, kilekile alichotuma, asikijenge upya. Wheel ni unzip -l. Kifurushi cha Debian ni dpkg -c. Cha RPM ni rpm -qlp. Cha tar ni tar -tf. Isomeni orodha taratibu kama alivyoisoma yule mama. Ninakaa hapa mbele; atakayekuta jina asilolikumbuka aje nalo, tulitafute pamoja lilikotoka.